Anwani ya Bibi Sifaeli

Siku ile mjinga alikuwa Togolani, na hakuna haja ya kumtafutia mshirika. Wajinga wengine mjini walikuwepo, tena wa kutosha, ila siku ile walipumzika. Zamu ilikuwa yake.

Yote yalianza na sisimizi. Waliingia ndani ya ruta ya Nyumba ya Egemeo, wakachagua mlango mmoja, wakajenga humo kama watu waliopewa kiwanja na serikali. Ruta hiyo ilikaa kabatini, pana kama sinia la pilau, uso wake wote matundu ya nyaya, na kila tundu mafundi waliliita mlango. Kila mlango ulikuwa wa mtu mmoja, mzee mmoja wa mji ule mpya ulio chini ya milima ya Upare, ambaye ukungu ulikuwa umemla akili.

Aliyepatwa na ukungu alivalishwa kishikizo nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya kunde. Kila alichosahau, kishikizo kilimletea: jina la mwanawe, njia ya kwenda chooni, kwamba chai ni ya moto. Hayo yote yalikuwa yamevunwa kichwani mwake mwanzoni mwa ugonjwa, kabla hayajaoza, yakatunzwa ghalani katika hifadhi iliyoitwa egemeo lake, na ruta ndiyo iliyoyapeleka kwenye kishikizo. Yaliyomtokea baada ya mavuno aliyashika kwa kichwa chake mwenyewe, na kichwa hicho kilivuja.

Mlango waliouvamia sisimizi ulikuwa wa Bibi Namkunda, mama yake Togolani. Togolani alimwambia msimamizi wake kwamba hata sisimizi wanaijua nyumba yenye ukarimu. Msimamizi huyo, Chediel, alikuwa mtu aliyecheka mara ya mwisho siku alipopata ajira, na inasemekana hata siku ile alipaliwa tu. Alijibu kwamba mama asiachwe bila egemeo hata kidogo. Ahamishiwe mlango mwingine upesi.

Kumhamisha mtu mlango si kazi ya kutoa jasho. Unachagua mlango mtupu, unaupa jina, unauandikia anwani, unauwekea mipaka ya mtaa wake, kisha unauinua, yaani unauwasha. Kubwa katika hayo ni anwani. Egemeo halimjui mtu kwa sura wala kwa sauti. Linajua anwani tu, na likiambiwa peleka pale, linapeleka. Fundi mwangalifu huyaandika yote upya, mstari kwa mstari. Fundi wa kawaida hunakili maandishi ya mlango wa jirani, akayabandika kwenye mlango mpya, akabadilisha yanayohitaji kubadilishwa. Mafundi wote hufanya hivyo, na wote hukana.

Mlango wa jirani ulikuwa wa Bibi Sifaeli, aliyekuwa amezikwa juma lile lile. Ulikuwa umeshushwa, maana maiti havai kishikizo, lakini egemeo lake lilikuwa bado linawaka ghalani. Hiyo ndiyo desturi iliyokuwa imeota mjini: egemeo la marehemu halimwagwi mpaka matanga yaanuliwe. Watu walisema marehemu naye apewe nafasi ya kukusanya vitu vyake.

Togolani akanakili. Akabandika. Akafuta jina la Sifaeli, akaandika Namkunda. Hapo Chediel akapita nyuma yake, na Togolani, ambaye utani kwake ulikuwa kama chafya, hauzuiliki, akamwuliza kama ile suruali aliirithi au mwenyewe bado yu hai anaitafuta. Akaucheka utani wake mwenyewe mpaka machozi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuucheka. Alipomaliza kufuta macho aliamini amemaliza na kazi. Akauinua mlango.

Ruta hupiga kelele ikikuta milango miwili iliyo wazi ina anwani moja. Ila wa Bibi Sifaeli ulikuwa umefungwa, kwa hiyo ruta haikuona pacha wala nusu pacha. Taa ikawaka kijani. Togolani akahifadhi kazi yake, akaenda kunywa chai.

Tumwache anywe. Hakunywa tena nyingine kwa raha kama ile.

*

Miaka mingi asubuhi ya Bibi Namkunda ilikuwa imeanza kwa kilio. Sheria ya egemeo ilikuwa fupi: kumbukumbu haichujwi. Huruhusiwi kumwachia mtu harusi ukamnyima msiba. Basi kila alipoamka na kishikizo kikamrudishia dunia yake, kilimrudishia na Eliapenda, mwanawe wa kwanza, aliyekwenda kulima tangawizi milimani mwaka wa mvua kubwa. Mlima ulishuka ukalifunika shamba na watu waliokuwamo. Walichimba mpaka wakachoka, wakapata jembe. Jembe halizikwi. Nyuma ya nyumba, penye migomba, palikuwa na makaburi ya babu na ya baba; la Eliapenda halikuwepo. Mama alikaa dirishani akiutazama mlima, pale palipobaki kovu jekundu, akalia kidogo, akajifuta, kisha akauliza uji uko wapi.

Togolani alimletea uji na mzaha mmoja, kila siku mzaha mpya. Watu walidhani amezaliwa hivyo. Hawakujua kwamba mzaha ule aliutafuta usiku kucha kama mtu anayetafuta dawa ya homa.

Mchana ule, siku ya sisimizi, alimkuta mama uani akichambua maharage huku anaimba. Hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akiimba.

"Karibu, fundi," mama akasema. "Umekuja kwa ajili ya paa?"

Togolani akacheka. Utani wake wote aliurithi kwa mama huyu, kwa hiyo akamjibu kwamba paa ni zuri, anayevuja ni mwenye nyumba. Mama akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni aliyeropoka, akamwomba asubiri kidogo, mwanawe Nietiwe anakuja kumwonyesha penye tatizo. Ila asimtegemee sana, maana ukimtuma Nietiwe chumvi anakuletea habari.

Nietiwe alikuwa binti wa Bibi Sifaeli.

Togolani alikaa juu ya kinu kilichokuwa karibu. Aliona kila kitu kwa mara moja: jina alilofuta, anwani aliyoiacha, suruali ya Chediel. Kile kilichokuwa mbele yake kikichambua maharage kilikuwa mwili wa mama yake, na ndani yake mlikuwa mmejaa maisha ya mwanamke aliyezikwa Jumanne.

Ilikuwa arudi mbio. Alisimama kabisa, akafika mlangoni. Lakini akageuka, na kwa namna ya mtu anayeligusa jino bovu kwa ulimi, akamwuliza kama anamjua mtu anaitwa Eliapenda.

Mama akafikiri kwa moyo mweupe. "Simjui. Ni wa ukoo gani?"

Macho yake yalikuwa makavu. Togolani aliyatazama sana. Kisha akasema ni mtu tu, alikuwa anaishi huku zamani, na akaenda kukagua paa lisilokuwa na tatizo.

Alijiambia atarekebisha kesho. Kesho ile ikazaa kesho nyingine, nayo haikuwa tasa. Kila siku alikuja na ngazi begani, akapanda, akagongagonga bati, akashuka. Mama alimpa chakula kama apewavyo fundi, sahani imejaa ila amekaa mbali. Alikuwa mama mwenye furaha kweli, mchangamfu, mwenye visa vya watu ambao Togolani hakuwajua. Siku moja akamwuliza kama mama yake yu hai.

Togolani akasema yupo.

"Hajambo?"

"Hajambo. Siku hizi anaimba."

"Mchukulie ndizi hizi, umwambie zimetoka kwangu," akasema, akamjazia kikapu.

Alizibeba mpaka nyuma ya nyumba, penye migomba ilikotoka mikungu ile ile, akakaa chini. Hakuzila.

*

Siri ile haikutolewa na mtu. Iliondoka yenyewe kwa miguu yake, imejifunga kitenge, ikapita katikati ya mji mchana kweupe kuelekea kwake, kwa Bibi Sifaeli. Ikafika ikawakuta watu wamekaa mkekani, matanga yake yenyewe.

Waliokuwepo walisimulia baadaye, kila mmoja na chumvi yake, lakini kwenye hili walikubaliana: Bibi Namkunda hakupiga hodi. Alipita moja kwa moja jikoni, akafunua chungu cha makande, akaonja, akauliza nani ametia chumvi kabla mahindi hayajaiva. Wanawake wawili wakatoka na njia ya nyuma. Mzee mmoja akaanza kusali. Nietiwe, ambaye ndiye aliyetia chumvi, ambaye tangu utotoni alitia chumvi mapema na tangu utotoni aligombezwa kwa hilo hilo na kwa maneno hayo hayo, akaangusha mwiko.

Alikuja kwa Togolani kesho yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, mpima ardhi kwa kazi, na hakupoteza muda kuzunguka. Alikuwa ameshaenda kwa Chediel, na Chediel ameshamfungulia maandishi ya ruta, na wote wawili wameshaona. Togolani akaanza kuomba radhi. Nietiwe akamkata kwa mkono. Alikuwa amekuja kuomba asirekebishe.

Akamweleza yaliyomleta. Alikuwa amegombana na mama yake, marehemu, ugomvi mbaya, baada ya egemeo kuvunwa. Mama alikuwa hataki kuhamia kwake, yeye akasema maneno ambayo hakuyarudia mbele ya Togolani, akaondoka, akakaa mbali mpaka akaitwa kuja kuzika. Hajui kama mama alikufa ameyashika maneno yale au ukungu ulimhurumia ukayachukua. Na sasa mama amekuja jikoni akamgombeza kwa chumvi.

Kisha akamwambia la sheria, ambalo Togolani alilijua na alikuwa amekataa kulifikiria. Egemeo halimwagwi kukiwa na aliye hai anayeliegemea. Ndivyo ilivyoandikwa, ili kuwalinda wagonjwa dhidi ya mafundi kama yeye. Matanga yanaanuliwa kesho. Anwani ikibaki ilivyo, egemeo la Bibi Sifaeli linabaki. Ikirekebishwa, linamwagwa.

"Mama yako anacheka, kaka Togolani," Nietiwe akasema. "Na wangu yupo. Tunamdhulumu nani?"

Togolani alikuwa na jibu la kila kitu. Mjini walimwogopa kwa hilo. Safari hii alichukua ngazi yake, akaenda kukagua paa.

*

Asubuhi ya kuanua matanga walikuwa wanne ndani ya chumba cha ruta, kabati limefunguliwa, mashine inanguruma taratibu. Chediel alisimama karibu na swichi kama mlinzi wa benki. Bibi kizee alikaa kwenye kiti, amefurahi kuletwa matembezi, mkono wake ndani ya mkono wa Nietiwe.

Chediel alisema kazi yake leo ni moja kati ya mbili, kumwaga egemeo au kuandika kwamba lina mwenyewe, na wao ndio wa kumwambia ipi. Togolani akapendekeza aulizwe mhusika.

"Mhusika yupi?" Nietiwe akauliza. "Ukimwuliza hivi alivyo, atataka kubaki. Ukimrudisha ukamwuliza, atataka kurudi. Swali lako limekuja na jibu mfukoni."

Ilikuwa kweli. Hata hivyo Togolani akasema kichwa ni cha Namkunda. Sifaeli amekaribishwa tu, tena na mjinga. Mgeni hamjibii mwenye nyumba. Na akaeleza atakavyofanya. Ruta ina ulimi, na ina moyo. Unachoiandikia hukaa ulimini kwanza na hufanya kazi papo hapo. Lakini usipoiamuru ihifadhi moyoni, ukiizima na kuiwasha kinatoweka, nayo inarudi kwenye yale iliyoyahifadhi mwanzo. Moyoni mwa ruta hii, kwa ujinga wake wa siku ile, ilikuwa imeandikwa anwani ya Sifaeli. Basi ataandika ya mama yake ulimini tu. Mama akirudi na akasema hataki kubaki huku, Chediel atazima na kuwasha, wazee wote wa mji watayumba kidogo kama watu waliosimama ghafla, na mambo yatakuwa kama jana.

Nietiwe hakukubali wala hakukataa. Aliomba kwanza aseme neno. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, una hasira na mimi?"

Bibi akamtazama kwa mshangao. "Hasira ya nini? Umevunja nini tena?"

Nietiwe akacheka, kicheko kikageuka kilio. Alikuwa amesamehewa na mtu asiyejua kosa, na aliona wazi kwamba hata akikaa na egemeo lile maisha yake yote, halitalijua kosa lake kamwe, maana lilivunwa kabla ya ugomvi. Ataulizwa kila siku amevunja nini. Aliushika ule mkono akauweka shavuni, akakaa hivyo, na bibi akawa anamfuta uso kwa ncha ya kitenge, akimwambia mtoto mkubwa halii mbele ya mafundi.

Kisha Nietiwe akamwitikia Togolani kwa kichwa, bila kugeuka.

Togolani aliandika anwani ya mama yake, aliyoijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Alihakiki mara mbili. Hakutania. Akabonyeza.

Ule mkono uliokuwa unafuta ukasimama hewani. Bibi Namkunda akautazama, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti, akamwamkua kama mtu asiyemfahamu vizuri, akaurudisha mkono mapajani polepole. Nietiwe alibaki pale pale sakafuni.

"Togolani," mama akasema. "Umenenepa."

Alikuwa amelisubiri jina lake tangu siku ya sisimizi. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, na pengine angekipata, lakini macho ya mama yalikuwa yameshaanza kuzunguka chumbani, yakitafuta dirisha, dirisha linaloutazama mlima. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Akaanza kulia hivyo hivyo, akiwa ameukabili ukuta.

Hapo Togolani alishindwa. Mtu aliyekuwa amemtaka mama yake arudi, aliyekuwa amebishana na watu wenye akili ili arudi, alipiga magoti karibu na Nietiwe na kuanza kumshawishi mama aende zake tena. Alimwambia yote, haraka haraka: sisimizi, anwani, maharage, nyimbo. Alimwambia kwamba kwa siku zote hizo hakulia hata mara moja. Alikuwa na binti, alikuwa na visa vya ajabu, aligawa ndizi. Asingemjua yeye Togolani, sawa, lakini yeye angekuja kila siku na ngazi yake, paa lisingekosa fundi mpaka kiama. Na Nietiwe angekuwa na mama. Kila mtu angepata kitu. Chediel azime tu na kuwasha.

Nietiwe naye akainua uso. Akasema: ni kweli, Bibi, ulikuwa unacheka, nilikuona kwa macho yangu. Hukuwa na maumivu popote.

Mama aliwasikiliza wote wawili mpaka wakaishiwa. Alijifuta macho kwa ile ile ncha ya kitenge iliyokuwa bado na machozi ya Nietiwe. Akamwambia Nietiwe pole kwa msiba, mwanangu, mama yako nilimjua, alikuwa mpishi hodari na mdomo anao. Kisha akamgeukia mwanawe, na Chediel akaondoa mkono kwenye swichi kabla hajaambiwa.

"Eliapenda hana kaburi," mama akasema. "Hiki kilio changu cha asubuhi ndipo mahali pekee anapokaa siku hizi. Wewe unataka kumfukuza aende akakae kwa nani?"